Msingi Ukikosewa, Usiufunike kwa Plasta

(Mazungumzo ya fundi mwashi na vikundi vya kujisaidia)

Nimeombwa niseme juu ya msingi, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kikundi chetu kilikuwa kinamjengea nyumba mama mmoja, mwanachama. Siku ya kumwaga zege jua lilikuwa kali, na zege likawa zito kuvuta. Vijana wakasema, "Fundi, ongeza maji!" Nikaongeza. Tulipomaliza hatukulifunika wala kulinyunyizia maji, tukaenda kula. Baada ya juma moja nikalikwaruza kwa msumari. Upande wa mbele ulikuwa mgumu. Upande wa jikoni ukatoka unga.

Nilitaka kunyamaza, nawaambia kweli. Mama yule alikuwa ameuza mbuzi ili atoe mchango wake, na mimi ndiye fundi! Lakini ukuta ulikuwa bado haujapanda, kwa hivyo nikamwambia mwenyekiti.

Tulivunja ile mbovu mpaka tukafika penye zege gumu. Tukakata ukingo wake wima, tukausugua kwa brashi ya waya, tukaulowesha, tukapaka uji wa saruji, na kabla uji haujakauka tukamwaga zege jipya. Kipimo chetu cha msingi ni karai moja ya saruji, tatu za mchanga, sita za kokoto. Mfuko wa kilo 50 usipewe maji kupita ndoo moja na nusu, ile ndoo ya lita 20, na mchanga ukiwa umelowa, punguza. Halafu magunia juu yake, na maji asubuhi na jioni siku 7.

Sasa udongo. Ule mweusi, kama wa Mwea, Kano au Kitengela, hufura wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na hata zege zuri litapasuka juu yake. Chimbeni mpaka mpite weusi, mfike kwenye maramu au mwamba. Kama hauishi, simamisheni kazi mwite injinia.

Na kama nyumba imekwisha panda, na ufa umeonekana? Wengi wetu hupiga plasta. Plasta haiponyi kitu. Weka alama ya penseli pale ufa unapoishia, andika tarehe, uangalie kila mwezi. Ukizidi kwenda, kwanza tazama maji ya paa yanaangukia wapi, maana mara nyingi ndiyo yanayolowesha msingi. Yaelekezeni mbali. Kama msingi wenyewe haukwenda chini vya kutosha, huchimbwa chini yake kipande kisichozidi mita moja, kikajazwa zege, likaachwa ligumu, ndipo huguswa kipande kingine kilicho mbali na hicho. Msichimbe upande mzima mara moja, ukuta utawaangukia. Hiyo si kazi ya kujifunzia, tafuteni aliyewahi kuifanya.

Mtauliza gharama. Sisi tulipoteza mifuko minne ya saruji na siku mbili. Mama naye hakunisalimia juma zima, na sikumlaumu. Haya, aliye na swali asimame.