Chanjo ya Kuku Iingie Kwenye Ajenda ya Kijiji

Nazungumzia kideri, ugonjwa ambao sehemu nyingi za Tanzania unajulikana kwa jina la mdondo. Anayefuga kuku wa kienyeji hahitaji kuelezwa. Leo kuku mmoja amejikunyata pembeni, mabawa yamelegea, kinyesi ni cha kijani. Kesho wako watatu, na mmoja wao shingo imepinda. Siku chache baadaye banda ni tupu. Kundi ambalo halijachanjwa linaweza kuteketea lote, na dawa ya kutibu hakuna, kwa sababu kideri kinaletwa na virusi.

Hasara hiyo inamwangukia nani? Mara nyingi ni mama. Ng'ombe akiuzwa, baba ndiye mwenye kauli. Kuku ndiyo mali ambayo mama anaweza kuishika, akaiuza na kupanga matumizi yake mwenyewe. Jogoo mmoja ni madaftari ya mtoto au nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Mkoa wa Singida umejipatia jina kwa kuku wa kienyeji wanaosafirishwa hadi masoko ya Dar es Salaam, na biashara yote hiyo inaanzia kwa mama mwenye mitetea watatu au wanne wanaochakura uani.

Linaloniuma ni kwamba chanjo ipo, na ipo kwa miaka mingi. Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliandaa chanjo iitwayo I-2 wakiwafikiria hasa wafugaji wa vijijini. Inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, kwa hiyo inaweza kufika hata kijiji kisicho na umeme, mradi ikingwe na jua na kuwekwa mahali pa ubaridi. Hapa nchini inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA.

Na kazi yenyewe ni nyepesi. Unakwenda alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa. Mmoja anamshika kuku na kumlaza ubavu, jicho moja likitazama juu. Mwingine anaangusha tone moja tu ndani ya jicho lile. Mnasubiri apepese, tone lienee, kisha mnamwachia. Kifaranga anapewa tone moja, na jogoo mkubwa tone hilo hilo moja. Hakuna sindano.

Kama ni rahisi hivyo, mbona kuku bado wanakwisha? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu tumemwachia kila mfugaji ahangaike peke yake na jambo ambalo ni la kijiji kizima. Chupa moja ya chanjo inatosha kuku 100 na zaidi. Mama ana kuku 12. Chupa ikishafunguliwa na kuchanganywa haiwekwi akiba hadi msimu mwingine, kwa hiyo akinunua peke yake, sehemu kubwa anaimwaga. Anapiga hesabu, anaona haimlipi, anaacha. Na hata akichanja, kinga inapungua baada ya miezi michache, na wakati huo vifaranga wapya wameshaanguliwa. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kurudia kila baada ya miezi 3 hadi 4.

Sasa tukumbuke jambo moja. Kwa utaratibu wa serikali za mitaa Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi 3. Ratiba ya chanjo na ratiba ya mkutano zinakwenda pamoja! Kinachokosekana ni kuziunganisha. Napendekeza chanjo ya kuku iwe ajenda ya kudumu. Mkutano upange tarehe. Kila kitongoji kichague wachanjaji wawili, wanawake wawemo, na afisa mifugo awafundishe. Bei ya tone moja ikubaliwe hadharani, ilipe chupa na imlipe mchanjaji jasho lake, maana kazi ya bure haidumu. Daftari lionyeshe nyumba ngapi zimefikiwa na kuku wangapi wamechanjwa.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya serikali. Kweli, mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, na kuku wamo. Naipongeza kwa dhati. Lakini kampeni inapita na kuondoka. Vifaranga wanaanguliwa mwaka mzima. Kijiji chenye kalenda yake kitafaidika na kampeni, na kitaendelea kuchanja hata isipokuwepo.

Wapo pia wanaosema chanjo inaua kuku. Nawaelewa, kwa sababu wengi huikimbilia kideri kikiwa tayari kimeingia bandani. Kuku aliyekwisha kuambukizwa hasaidiwi na tone lile. Atakufa, na lawama itaiangukia chanjo. Chanjo hutolewa kuku wakiwa wazima, tena mapema, mwezi mmoja au zaidi kabla ya majira ambayo ugonjwa huzoea kuingia kijijini kwenu.

Na hata baada ya kuchanja, tusijisahau. Kideri kikigonga hodi, wengi wetu huwauza kuku haraka kwa bei ya kutupa. Tenga linafungwa kwenye baiskeli, na ugonjwa unahamia kijiji cha pili. Huko ni kumbebesha jirani msiba. Kuku waliokufa wafukiwe au wachomwe moto. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi kuku uliyemnunua mnadani mfunge mbali na wenzake kwa wiki 2 hivi, umwangalie kwanza.

Mwenyekiti wa kijiji unayenisikiliza, na wewe mtendaji, fungueni daftari la ajenda sasa hivi na mwandike: chanjo ya kuku. Na wewe mama, usingoje kuitwa. Mkutano ujao nyosha mkono, simama, uulize mbele ya watu wote: tarehe yetu ya kuchanja kuku ni lini? Msikubali kuondoka uwanjani bila kutajiwa tarehe hiyo.