Picha ya Usiku Mmoja Haitoshi



Ndugu zangu vijana, na wazee wetu mliofika, huko angani kuna vitu viitwavyo kwasari. Ni vitovu vya galaksi za mbali, ving'aavyo kwa gesi ya moto inayozunguka shimo jeusi. Kwasari moja, 3C 273, umbali wake ulijulikana mwaka 1963: nuru yake husafiri zaidi ya miaka bilioni 2 kutufikia. Subhanallah! Hata setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, iliipima.

Ukiitazama usiku mmoja utasema haibadiliki. Lakini wataalamu walifukua picha za vioo za Harvard, za tangu karne ya 19, wakazilinganisha. Kumbe nuru yake hupanda na kushuka!

Sasa jamani, tujiulize. Usiku huu, kutoka Thika hadi Ruiru, safu za tarawehe zimejaa. Tukipigwa picha, sote twang'aa. Je, ya Shawwal itakuwaje? Malaika wanaandika kila siku. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa amali bora ni ya kudumu, hata ikiwa ndogo. Basi chagua moja tu, ukurasa wa Qur'ani au Alfajiri kwa jamaa, usiiache.

Wabillahi tawfiq.