Chandarua cha Mwaka wa Tatu

Msikilizaji, gari la wageni wa afya likiingia kijiji cha ndani huko Kimwani, wilayani Muleba, mambo huenda kwa mpangilio uleule. Kwanza ofisi ya kijiji, kitabu cha wageni kinasainiwa. Kisha nyumba kwa nyumba: mko wangapi hapa, mtoto analala wapi, chandarua kipo? Mwisho, kidole cha mtoto. Analia kabla hajachomwa. Tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka, mnangoja kama robo saa. Mstari mmoja, hana malaria. Miwili, ana malaria.

Muleba wameyazoea haya. Baada ya mlipuko wa malaria wa 2006, mwaka 2007 nyumba zilianza kupuliziwa dawa ukoko. Watu walitoa nje vitanda, masufuria na magunia ya maharage, wakangoja kuta zikauke. Mbu nao hawakulala: wakajenga usugu dhidi ya dawa iliyomo kwenye vyandarua vya kawaida.

Ndipo watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, Mwanza, wenzao wa chuo cha tiba cha KCMC na wa chuo cha tiba za tropiki cha London walipogawa vyandarua vyenye kiambato cha ziada, PBO, kinachomnyang'anya mbu uwezo wa kuivunja dawa mwilini mwake. Maambukizi kwa watoto yalikuwa pungufu kwa asilimia 44 mwaka wa kwanza, na 33 mwaka wa pili, ukilinganisha na waliolalia vyandarua vya kawaida. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza kwa maeneo yenye mbu sugu. Leo vinagawiwa nchi nyingi za Afrika, na ushahidi ulitoka kwenye vidole vya watoto wa Muleba. Sijui kama kuna mbunge aliyewahi kujivunia hilo jukwaani. Angestahili makofi.

Lakini tuje kwenye mwaka wa tatu. Chandarua huhesabiwa kuwa cha miaka mitatu. Nyumba ya udongo ina misumari, miti iliyochomoza, kuni, panya, na watoto wanne kwenye mkeka mmoja. Kufikia mwaka wa tatu wa utafiti ule, waliokuwa bado wanavitumia walishapungua sana. Mama yeyote kijijini angekwambia hivyo mapema, maana yeye ndiye anayeshona matundu. Ripoti ya mgao huhesabu vilivyotolewa siku ile. Matundu hayana safu yake kwenye fomu.

Kwa hiyo naomba jambo dogo kwa watendaji wa vijiji, Kimwani na kwingineko. Mgeni wa afya akimaliza kusaini, mwulizeni anarudi lini kutoa majibu kwenye mkutano wa kijiji, na nani atakagua vyandarua mwaka wa tatu. Tarehe aiandike mwenyewe, kwenye kitabu hichohicho, kabla hajapanda gari.