Mmemrudishia Mwenyewe Paa Lake?

Wewe uliye jikoni ukiwasha moto, wewe uliye njiani kwenda kazini, na wewe uliyelala mgonjwa, karibuni tuzungumze kwa dakika chache.

Nilipokuwa mtoto, mimi na wenzangu tulipenda kwenda mtoni kutafuta kaa. Tuliinua jiwe moja baada ya jingine, na kila jiwe tuliliacha pale lilipoanguka. Siku moja babu yangu alitukuta. Hakutupiga wala hakutukemea. Alituuliza tu, "Wajukuu zangu, mmemrudishia mwenyewe paa lake?" Tulicheka, maana hatukujua kwamba mto una wenyewe. Swali hilo lilinirudia hivi majuzi, nilipokuwa nikisoma habari za mnyama mmoja mdogo wa milima ya China. Leo nataka niwasimulie habari zake.

Mnyama huyo ni salamanda wa vijito vya milimani. Wengi wetu hatujapata kumwona salamanda, kwa kuwa katika bara letu la Afrika wanapatikana kaskazini tu, katika nchi kama Moroko, Algeria na Tunisia. Umbo lake ni kama la mjusi mwenye mkia mnene, lakini hana magamba. Ngozi yake ni laini na yenye maji maji kama ya chura, naye ni wa jamaa moja na chura. Huyu ninayemsema ana urefu wa sentimita 15 hadi 20 hivi. Salamanda wengi wana vidole vitano katika miguu ya nyuma, lakini huyu ana vinne tu.

Makao yake ni magharibi mwa China, katika jimbo la Sichuan na sehemu za jirani. Huishi katika vijito vya maji baridi, kutoka mita 1,500 hivi hadi karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana hulala chini ya jiwe ndani ya maji. Usiku hutoka kutafuta wadudu wa majini. Mapafu yake ni madogo, na hewa nyingi huipata kwa njia ya ngozi. Maji baridi yanayokwenda mbio yana hewa nyingi ndani yake. Maji yakipata joto, au yakijaa matope, salamanda huyu hukosa pumzi.

Jike hutaga mayai yake ndani ya vifuko viwili, akavibandika chini ya jiwe ili maji yasivichukue. Mayai hayo si maelfu kama ya chura wengi, ni machache. Watoto wakitoka huwa na matamvua ya kupumulia nje ya shingo, nao hukua polepole sana kwa sababu ya baridi. Kiluwiluwi wa chura huku kwetu huweza kuwa chura kamili kwa majuma machache. Mtoto wa salamanda huyu huhitaji zaidi ya mwaka mmoja. Basi ukiinua jiwe moja katika kijito kile, huenda umeshika mkononi kazi ya miaka mingi.

Mtu aliyemjulisha kwa wataalamu wa Ulaya alikuwa padre Mfaransa, Armand David. Mwaka 1869 alikaa katika chuo cha mapadre kilichokuwa milimani huko Sichuan, akikusanya mimea na wanyama. Miaka michache baadaye alimwandika salamanda huyu na kumpa jina la Pinchon, askofu Mfaransa aliyetumika katika nchi ile. Lakini mwaka ule ule wa 1869, katika milima ile ile, padre David alipata pia ngozi ya dubu mweusi na mweupe anayeitwa panda. Leo panda anajulikana duniani kote, na watoto humchora shuleni. Salamanda ni jirani yake wa siku nyingi, lakini ni wangapi wanaolijua hata jina lake? Baadaye Mchina mmoja, Liu Chengzhao, alitembea miaka mingi katika milima hiyo akichunguza vyura na salamanda, na mwaka 1950 kitabu chake kikubwa juu yao kilichapishwa Chicago.

Hata hivyo, wenyeji wa milima ile walimjua zamani kabla ya hao wote. Humwita samaki wa qianghuo, kwa jina la mmea wa dawa uotao huko. Humkamata, humkausha, na kumtumia kama dawa ya maumivu ya tumbo. Wapenzi wasikilizaji, hapo ndipo nilipofunga kitabu nikanyamaza.

Mimi niliugua tumbo muda wa miaka miwili. Nilihubiri huku nimeshika mimbari nisianguke. Usiku mke wangu alikaa macho pamoja nami. Kama wakati ule mtu angeniletea mnyama mkavu na kuniambia, "Mchungaji, huyu atakuponya," ningemnunua, wala nisingeuliza ametoka wapi. Kwa hiyo siwezi kumhukumu mgonjwa wa Sichuan. Wala siwezi kusema lolote juu ya dawa hiyo, maana mimi si daktari. Nasema juu ya jiwe tu.

Mzee aliyepanda mlimani na kuchukua wawili kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa hakukimaliza kijito. Lakini dawa ilipokuwa bidhaa ya kuuzwa mbali, watu walichukua walichokiona chote, wakubwa kwa wadogo, na hesabu ya salamanda ikashuka. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Na salamanda hawa wakiisha katika kijito kimoja si rahisi warudi, kwa kuwa hawawezi kuvuka mabonde yenye joto kutoka kijito kingine. Mwaka 2021 serikali ya China iliwaweka katika orodha ya wanyama wanaolindwa na sheria. Hilo ni jambo jema. Lakini usiku, kule juu kwenye baridi, hakuna askari kando ya kila jiwe. Kuna mtu na dhamiri yake.

Ndugu yangu, wewe nawe una haja zako, na Mungu anazijua. Unahitaji kuni, unahitaji maji ya shamba, unahitaji karo ya watoto. Hakukukataza kuinua jiwe. Lakini mwenye Zaburi ya 104 anawahesabu viumbe wa milimani, wa mitini na wa baharini, wakubwa kwa wadogo, na wote anawaona wakilishwa na mkono mmoja. Kama ndivyo, basi yule aliye chini ya jiwe naye ana Bwana wake, na Bwana huyo ndiye wako pia. Siku moja atakuuliza kama babu alivyotuuliza sisi.

Jioni ile tulirudi mtoni, tukayageuza mawe yale moja moja. Hatukuyakumbuka yote mahali pake. Naomba leo uanze na jiwe moja unalolikumbuka.

Na tuombe. Ee Mungu uliyeiumba milima na maji yake, tusamehe kwa yale tuliyoyachukua bila kufikiri. Waponye wagonjwa wetu wa tumbo na wa kila namna. Utufundishe kuchukua kwa kiasi, na kurudisha paa la mwenzetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.