YETHRO ALIKUJA NA WATOTO

Somo: Kutoka 18:1-24

Leo tunasema na waalimu, wababa na wamama, wenye watoto wadogo nyumbani.

Shauri la Yethro kwa Musa tunalijua. Tunalihubiri kila tunapochagua wazee na mashemasi. Lakini mwanzo wa sura tunauruka. Yethro hakuja peke yake. Alikuja na Sipora na watoto wawili, Gershomu na Eliezeri. Alimletea Musa jamaa yake jangwani. Musa akatoka kumpokea mkwe wake, akainama, akambusu, wakaingia hemani. Juu ya watoto, Maandiko yananyamaza. Kesho yake Musa yuko kazini, toka asubuhi mpaka jioni, watu wamemzunguka.

Mwalimu, hujioni hapo? Tangu masomo ya msingi yafanywe bure katika nchi yetu mwaka wa 2019, madarasa yamejaa. Unatoka shuleni sauti imekwisha. Nyumbani kuna maji ya kuteka, makala ya kuwasha, mtoto wa kunyonyesha. Usiku, matayarisho ya kesho na lundo la madaftari.

Nasi tutoe ushuhuda, wala si wa kujisifu. Nyumbani kwetu mama ni mwalimu wa darasa la pili. Usiku mmoja tulitoka kwenye maombi, tukamkuta ameshika karatasi, analia. Mtoto wetu wa miaka minne alichora mistari yake, akaichomeka katikati ya madaftari ya wanafunzi. Aliona kwamba kila kilicho katika lundo lile mama hukifungua na kukitazama. Mtoto alikuwa anatafuta zamu yake.

Tulitaka kumlaumu mama. Roho Mtakatifu akatuuliza: na wewe, baba, ulikuwa wapi? Juma lile tulikuwa kanisani kila jioni. Waamini wote walituona. Watoto wetu tuliwakuta wamelala.

Wapendwa, Yethro hakumwambia Musa aache kazi. Nasi hatuwaambii wamama waache kufundisha: ni wito, tena ni chakula cha nyumba. Yethro alisema mzigo ugawanywe.

Baba, osha watoto, wape chakula, keti nao mama anaposahihisha. Hiyo haipunguzi heshima yako.

Mwalimu, kabla ya kufungua daftari la kwanza, mtazame mtoto wako. Kumbukumbu la Torati 6:7 inawataka wazazi wafundishe wakiketi nyumbani, wakitembea, wakilala na wakiamka. Basi hata njia ya kwenda kuteka maji ni darasa. Mshike mkono, mzungumze.

Nasi wachungaji, tusimpange mama mwalimu kwenye kwaya, usafi na maombi ya usiku katika juma moja, halafu akikosa tunasema amepoa kiroho. Wamama wazee wa kanisa, mwiteni mtoto wake acheze kwenu saa moja.

Karatasi ile tunaiweka ndani ya Biblia yetu, kwenye Kutoka 18. Musa alimsikia mkwe wake akafanya yote aliyosema. Na sisi tusikie.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wape waalimu wetu nguvu. Utusamehe sisi tuliowaachia mzigo peke yao. Watoto wao wasikose zamu. Katika jina la Yesu, Amina.