Kabichi ya Kuuza na Kabichi ya Kula

Mazungumzo na wakulima wa milima ya Usambara



Tukikutana, mara nyingi husemwa habari za mbegu, samadi na bei. Leo nataka kusema nanyi habari ya kabichi ikiisha kufika jikoni. Ninyi wa Lushoto mnaijua kabichi. Malori huteremka nayo hadi Mombo, na watu wa Tanga na Dar es Salaam hula jasho lenu. Lakini nyumbani kwa mkulima hubaki zipi? Hubaki zile zilizopasuka, nazo huchemshwa sana, kisha maji yake humwagwa. Basi sehemu kubwa ya faida yake imemwagwa pia.

Kwanza tuseme kweli. Kabichi si chakula cha kutia nguvu kama ugali, wala si cha kujenga mwili kama maharage. Katika gramu 100 za kabichi mbichi, gramu 92 hivi ni maji, na protini ni gramu moja na kidogo. Mtoto anayelishwa ugali na kabichi kila siku, bila maharage, maziwa, mayai wala dagaa, hatakua vyema hata kama tumbo limejaa.

Kazi ya kabichi ni kulinda mwili. Gramu hizo 100 zina miligramu 36 hivi za vitamini C, na mtu mzima huhitaji kama miligramu 45 kwa siku. Vitamini hii huimarisha fizi na kusaidia vidonda kupona. Mtu akiikosa kwa miezi kadhaa hupata kiseyeye: fizi huvimba na kutoka damu, na meno hulegea. Mabaharia wa zamani walikufa wengi kwa ugonjwa huo. Nahodha James Cook wa Uingereza, aliposafiri mwaka 1768, alipakia merikebuni kabichi iliyochachushwa kwa chumvi ili kuwakinga watu wake.

Kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu, hayaingii mwilini kwa wepesi. Yakiliwa pamoja na chakula chenye vitamini C, huingia zaidi. Kwa hiyo maharage na kabichi katika mlo mmoja yamfaa sana mama mjamzito.

Sasa mapishi, maana hapa ndipo hasara hutokea. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto. Osheni kabichi kabla ya kuikata, wala msiiloweke ikiisha kukatwa. Chemsheni maji kidogo, kama kikombe kimoja, ndipo mtie kabichi na kufunika sufuria. Dakika 5 hadi 7 zatosha. Maji yanayobaki yatiwe katika mchuzi. Wako wanaotia magadi ili ilainike upesi. Magadi huharibu vitamini hiyo, heri kuyaacha. Kachumbari ya kabichi mbichi ni nzuri zaidi, mradi ioshwe kwa maji safi na salama.

Majani ya nje, yale ya kijani ambayo wengi huwapa ng'ombe, yanashinda moyo mweupe kwa vitamini A. Lakini ndiyo yapatayo dawa ya wadudu kwanza. Wapo wanaopiga dawa Jumatatu na kukata Jumatano! Kila chupa ya dawa huandikwa siku za kungoja kabla ya kuvuna. Zihesabuni, kwa maana kuosha hakuondoi yote. Hata hivyo msiache mchicha na majani ya maboga, kwani kwa vitamini A hayo huishinda kabichi mbali.

Watu husema sokoni kwamba kabichi huponya kisukari na vidonda vya tumbo. Mgonjwa asiache dawa zake kwa maneno hayo. Na mtu aliyepewa hospitali warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asianze ghafla kula kabichi nyingi, wala asiiache ghafla, kwa kuwa ina vitamini K inayopingana na dawa hiyo. Amwulize daktari wake.

Nashauri kila nyumba iwe na mistari miwili ya kabichi ya jikoni, mbali kidogo na ile ya kuuza, isiyopigwa dawa. Viwavi waokotwe kwa mkono asubuhi. Ya sokoni hupandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45. Hii ya nyumbani ipandwe kwa sentimita 30 kati ya mche na mche, ifunge vichwa vidogo. Kichwa kidogo huisha kwa mlo mmoja. Kile kikubwa hukatwa leo, na nusu yake hunyauka jikoni hadi kesho kutwa. Pandeni miche kumi kila baada ya wiki tatu, isiive yote pamoja mkashawishika kumwita mchuuzi.