Msome Kezilahabi Tangu Rosa

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita nilizichukua riwaya sita za marehemu Profesa Euphrase Kezilahabi, nikazipanga mezani kwa mwaka wa kuchapishwa, nikazisoma moja baada ya nyingine bila kuruka.

Wengi wetu hatukumsoma hivyo. Shuleni tulipewa kitabu kimoja cha mtihani, tukakariri wahusika na dhamira, basi. Miaka baadaye mtu anakutana na Nagona, anasoma kurasa kumi, anakirudisha akisema mwandishi huyu kachanganyikiwa.

Tuanze mwanzo. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Kijana huyo wa Ukerewe alikuwa hajafikisha miaka 30. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda, kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Nilipokisoma ujanani nilimlaumu Rosa. Safari hii nimekisoma nikiwa mzazi, na jicho langu halikubanduka kwa Zakaria, baba mlevi aliyemlea bintiye kwa fimbo na vitisho. Rosa alipotoka nje ya macho ya baba, hakuwa na kinga yoyote. Mwisho akajiua.

Mwaka 1974 ikaja Kichwamaji. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu. Elimu imemtoa kijijini, lakini haikumpa pa kufikia. Naye anajiua. Mwaka 1975, katika Dunia Uwanja wa Fujo, Tumaini anapata mali, kisha anaishia kitanzini kwa kosa la kuua.

Vijana watatu, makaburi matatu. Ukisoma kitabu kimoja tu, utasema mwandishi ni mtu wa kukata tamaa. Ukivisoma kwa kufuatana, unaona kwamba anaendesha kesi. Anauliza: nani anawapoteza vijana wetu? Kwanza ameyasimamisha kizimbani malezi, kisha elimu, kisha mali. Mwaka 1979, katika Gamba la Nyoka, ikafika zamu ya siasa na vijiji vya ujamaa.

Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaja Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba visivyo na kisa cha kawaida. Hapo anazihoji hata fikra zenyewe, na hata namna ya kusimulia. Hakuchanganyikiwa, ndugu msikilizaji. Alikuwa safarini miaka ishirini. Sisi ndio tuliodandia gari kituo cha mwisho, kisha tukalalamika kwamba hatuijui njia.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Hataandika riwaya nyingine, lakini hizo sita zinatosha kumkalisha mtu msimu mzima wa mvua. Kama huna uwezo wa kuzinunua zote, azima, au nenda maktaba.

Na kama una binti nyumbani, anza na ile ya 1971. Ukimaliza, mpe naye aisome, kisha mkae chini mzungumze. Zakaria hakufanya hivyo.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.